Beseni la Njano kwenye Ukurasa wa Themanini na Nne

"Hivyo vitabu unavyovipangusa kila siku, wewe mwenyewe umo hata katika kimoja?"

Swali hilo aliulizwa na jirani yake, mshonaji, asubuhi moja walipokuwa wakifagia kila mtu mbele ya mlango wake. Lilikuwa swali la utani, la mtu aliyeamka vizuri. Naye akajibu kiutani vilevile: "Nimo kwenye vumbi lake, shoga." Wakacheka, kila mmoja akaenda zake kazini. Hakujua kwamba jibu lipo, tena lina namba ya ukurasa.

Mtaani wanamwita Bi Kitambaa, kwa ajili ya kile kitambaa cha kufutia vumbi kisichotoka begani kwake hata siku ya ibada. Anasafisha maktaba ya mji, mwaka wa kumi na saba sasa. Shule aliishia ya msingi, na kusoma kwake ni polepole, kidole chini ya mstari, midomo ikichezacheza kama mtu anayesali. Lakini husoma. Rafu aliyoizoea kuliko zote ni ya vitabu vya safari, maana iko jirani na dirisha la barabarani na ndiyo inayoshika vumbi zaidi, kwa hiyo hana budi kukaa nayo.

Humo amekutana na watu wa kila namna. Wapo waliokwenda kuhiji kwa miguu mamia ya miaka iliyopita, wakaandika visima viko wapi ili anayekuja nyuma asife kiu. Wapo wafanyabiashara walioandika tabia za watu na hila za mizani. Wapo waliotumwa na wafalme wao kuangalia kama nchi ya mwenzao inanyakulika. Na wapo walioandika ili waliobaki nyumbani wajue tu kwamba wao walikwenda. Bi Kitambaa akajifunza kuwapambanua: kuna anayeandika alichokiona, na kuna anayeandika alivyochoka.

Siku tatu baada ya lile swali la utani, alikifungua kitabu kimoja cha jalada la kijani. Mwandishi wake alikuwa mwana wa nchi hiihii, mtu wa mji mkuu, aliyezunguka mikoani kwa gari miaka arobaini iliyopita. Kwenye ukurasa wa themanini na nne kidole kikasimama.

"Tulipumzika katika mji mdogo usio na la kusimulia," mwandishi aliandika. "Kwenye bomba la maji, mwanamke mwenye mguu mbovu, na beseni la njano lililoshonwa kwa waya, alitukodolea macho bila kusema neno. Kando yake mtoto wa kike, kidole mdomoni. Ni watu ambao hawajawahi kutoka hapo walipo, wala kuwaza kwamba kuna kwingine."

Akasoma mara tatu. Kisha akakaa chini, sakafuni, mahali alipokuwa ametoka kupiga deki, na maji yakamlowesha nguo asijali. Beseni lile lipo kwao mpaka leo. Huwekewa nguo chafu. Waya ule aliushona mjomba. Mguu ule ni wa mama yake. Na kile kidole mdomoni kilikuwa chake mwenyewe.

Akakiazima kitabu. Alasiri akakaa mlangoni na mama yake, mzee ambaye macho yamepungua lakini masikio yako palepale, akamsomea. Alikuwa amejiandaa kumbembeleza. Mama akasema:

"Soma tena hapo pa gari."

"Hapo pa gari hapana kitu, mama. Ni wewe uliyetukanwa."

"Nimesikia. Hajasema matairi yalikuwa na matope gani?"

"Hajasema."

"Basi hana macho. Yalikuwa meupe kama unga. Matope yale yako mahali pamoja tu, kule korongoni nilikovunjikia mguu. Mimi sikumkodolea yeye, nilikuwa naangalia magurudumu yake. Nilitaka kumuuliza kama pale pamewekwa daraja. Nikaona haya, mtu kavaa miwani ya jua, ananitazama kama kabati."

Hapo ndipo habari za safari ya mama zilipotoka. Bi Kitambaa alikuwa akijua kwamba walihamia, basi. Mambo ya zamani hayaulizwiulizwi. Kumbe mama yake, mumewe alipofariki na shemeji zake wakaitwaa nyumba, alimfunga mtoto mgongoni, akatoka alfajiri kumfuata kaka yake aliyekuwa akichoma matofali katika mji huu. Alitembea siku tisa, akateleza korongoni, akalala mwezi mzima kwa mama mmoja aliyejua kuunga mifupa, kisha akatembea siku kumi nyingine na fimbo. Njia yote aliikumbuka kwa maji. Hakujua majina ya vijiji, lakini alijua kisima chenye ladha ya chuma, tangi la shule ambalo mlinzi alijifanya haoni, mtungi wa yule muunga mifupa uliotiwa majani fulani yenye harufu ya ndimu. "Wewe ulikuwa unalia ukikataa maji ya chumvi," alisema. "Umeanza kudeka zamani."

Miezi minne Bi Kitambaa aliandika kwenye daftari la mistari, kila alasiri, mama akisema naye akifuata. Walipobishana, mama alishinda. Mshonaji akapita na kuuliza, "Wenye safari zenu, leo mmefika wapi?" na mzee akajibu, "Tumefika penye nyuki, pita upesi." Lakini daftari lilipojaa, ni mshonaji huyohuyo aliyelitia gamba la kitambaa kigumu na kulipiga mishono ya cherehani mgongoni, mitatu, akisema kitabu kisivuke korongo kikiwa uchi.

Bi Kitambaa akampelekea mkutubi, kijana mpole, mwenye kuogopa barua kutoka juu.

"Mama, hili ni daftari," mkutubi alisema. "Halina mchapishaji, halina namba. Siwezi kuliweka rafuni."

"Na hicho cha kijani, kabla hakijachapwa kilikuwa nini?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Utaratibu umemruhusu mtu aliyekaa hapa dakika kumi aandike habari zetu. Sisi tuliokaa miaka arobaini tunaombwa namba."

Kijana akalifungia daftari kabatini, akaahidi kuuliza. Hakuuliza. Badala yake, mwezi uliofuata akabandika tangazo: mwandishi wa kile kitabu cha kijani atakuja maktabani, kitabu chake kinatolewa upya. Akamwomba Bi Kitambaa apange viti na maji ya kunywa, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Tafadhali mama, siku ile tusiaibishane."

"Viti nitapanga," alijibu.

Alivipanga. Cha mbele kabisa akamkalisha mama yake, na mshonaji kando. Mwandishi akaingia, mzee naye, mwenye salamu nzuri. Akasoma kurasa zake za milima, watu wakapiga makofi. Mkutubi alipouliza nani ana swali, Bi Kitambaa akasimama na kitambaa chake begani. Akamwomba Mungu ampe sauti, na sauti ikaja.

"Nina kurasa, sina swali," alisema. "Shikamoo mzee. Umeandika habari za mama yangu, ukurasa wa themanini na nne. Naomba nisome, kisha nisome na zake."

Mwandishi akasema asomewe. Bi Kitambaa akausoma ule ukurasa, mbele ya watu ambao wengi wao ni wa mji huo usio na la kusimulia. Kisha akamnyoshea mkono mkutubi, naye, pengine kwa kutojua la kufanya, akafungua kabati akampa daftari. Akasoma visima. Akasoma korongo. Hakupandisha sauti hata mara moja, wala hakuruka neno.

Alipomaliza, mama yake akanyanyua fimbo kidogo, kama mtoto darasani.

"Mimi ndiye mwenye mguu," alisema. "Baba, nilitaka kukuuliza siku ile. Pale penye matope meupe, palikuwa pamewekwa daraja?"

Mwandishi akatafuta, uso ukaonyesha anatafuta kweli.

"Mama, siwezi kukudanganya," akasema mwishowe. "Sikumbuki korongo. Dereva ndiye aliyeona. Mimi nilikuwa nimelala."

"Hata mimi ningelala," mama akasema, "ningekuwa na dereva."

Ukumbi ukacheka, na mwandishi naye akacheka, kisha akaacha. Akavua miwani. Akasema aliandika maneno yale akiwa na njaa na haraka, kwamba ni maneno mabaya, na kwamba toleo hili la sasa limekwisha kuchapwa lakini katika lijalo atayafuta yote, ule mstari usiwepo tena. Watu wakaitikia, wengine wakaanza kupiga makofi. Mkutubi akashusha pumzi, akaona mambo yameisha salama, akanyosha mkono alichukue daftari alirudishe kabatini.

Bi Kitambaa hakumpa. Alilibana kifuani, akamtazama kwanza mwandishi, kisha mkutubi, akasema:

"Usiufute, mzee wangu, watu watadhani tuliijibu hewa. Uache ulivyo. Na wewe mwanangu, naomba kitabu hiki ukiweke rafu ileile ya safari, kando ya kile cha kijani, mahali ambapo mtu akishika kimoja mkono utagusa na kingine. Vumbi nitavifuta vyote viwili."