Nimepanga kuzunguka ziwa, nimeletewa viti vya kilio

Wapendwa, niwieni radhi: leo asubuhi, hapa Kolwezi, watu waliokuja kunililia wamenikuta hai.

Kosa ni langu.

Jana nilituma barua ya kurasa nne kwenye kundi la familia. Kama tulivyofundishwa misheni, kabla ya safari nilimwomba msamaha kila mmoja, kwa jina na kwa kosa.

Safari yenyewe niliieleza ukurasa wa nne.

Hakuna aliyefika huko. Mzee wa kwetu akiomba msamaha hivyo, hueleweka kwamba anaaga dunia.

Wakaja na viti, bukari, yaani ugali wetu, na kwaya. Nikafungua mlango nikiwa na ramani mkononi.

"Tata, kumbe uko muzima?" akasema binti yangu.

"Niko muzima. Samahani."

Nikawaeleza: kiangazi hiki, mimi na rafiki yangu wa Kalemie tutazunguka Ziwa Tanganyika kwa mashua ya tanga, kama marehemu mke wangu alivyotamani.

Wakainuka vitini, karibu kunibariki. Ndipo dada wa marehemu mke wangu akauliza, "Shemeji, unajua kuogelea?"

Sijui.

Wakakaa tena kwenye viti vya kilio. Kwaya ikaanza nyimbo za msiba, na hadi sasa ingali inaimba.

Kwa heshima zote, nani kati yenu hufundisha wazee kuogelea?