Nilivyocheza Senta Fowadi

Kaka yangu alinifundisha mpira kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kucheza naye. Tulizaliwa wawili tu, nyumbani kwetu Ilomba, Mbeya, na yeye alihitaji golikipa. Alinisimamisha kati ya mawe mawili nyuma ya zizi, akanipigia mpira wa matambara uliofungwa kwa magome ya mgomba mpaka viganja vikaniwaka moto. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilipochoka kusimama golini nilianza kumnyang'anya mpira, na siku ya kwanza nilipompita alinizaba kofi. Sikumbuki siku tuliyocheza tukamaliza kwa amani.

Yeye alikuwa senta fowadi wa timu ya vijana wa pale kwetu. Hawakuwa na jezi wala viatu, na Jumamosi jioni walikuwa wakipambana na vijana wa Mwanjelwa. Miaka michache baadaye, kwenye hamsini na kitu, wakati wa baridi kali, wachezaji wawili waliugua. Nahodha wao, fundi baiskeli mrefu mwenye maneno machache, akamwambia kaka aniite.

"Nimemwona nyuma ya zizi," alisema. "Anaujua mpira."

Kaka alinuna, lakini hakuthubutu kubishana na nahodha. Nilivaa kaptula yake ya shule, nikajifunga kitambaa kichwani kuficha nywele. Wengi walidhani mimi ni mvulana. Waliojua walinyamaza, maana nilifunga. Mechi iliyofuata nikafunga tena. Baada ya mechi ya tatu nahodha alisema mbele ya wote, "Katikati atacheza huyu mdogo. Wewe utakwenda pembeni kulia."

"Unanitoa mimi kwa ajili ya mwanamke?" kaka aliuliza.

"Nakutoa kwa ajili ya magoli."

Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Mama alipotenga ugali, kaka alinawa mikono, akamgeukia baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na alijulikana kwa ukali hata na watu wasiosali kwetu.

"Baba, binti yako anavaa kaptula yangu na kucheza mpira na wanaume. Nimemkanya, hasikii."

Hakuwahi kunikanya hata mara moja. Nilimkazia macho. Yeye alikuwa akitazama bakuli la maharage.

Baba alinichapa kwa mkanda, na hilo ningelimeza. Lililonishinda ni Jumapili, aliponisimamisha mbele ya wazee wenzake ili nitubu.

"Nitubu nini, baba?" nilisema. "Mpira haumo kwenye zile amri kumi."

Mzee mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Baba hakucheka. Wiki ile ile alinipakia kwenye lori la mahindi kwenda Iringa kwa shangazi yangu, nikasome ushonaji kwenye shule ya misheni. Lori liliharibika njiani, Igawa. Tulikaa kando ya barabara kutwa nzima, vumbi likitujaa puani, na mimi kazi yangu ilikuwa moja tu, kuwachukia baba na kaka kwa zamu.

Shangazi hakuniuliza habari za safari. "Hapa kwangu miguu ni ya kwenda shambani na kanisani," alisema. Mwalimu wa ushonaji naye alikuwa ameshapelekewa barua kunihusu. Hata hivyo, haukupita mwezi, wasichana wanane walikuwa wakicheza nami nyuma ya jiko la shule wakati wa mapumziko. Mwalimu alipotukuta, aliuchana mpira wetu kwa mkasi wa darasani, taratibu, huku ananitazama. Kesho yake tukashona mwingine kwa uzi wake mwenyewe.

Wauguzi wanafunzi wa hospitali ya misheni walisikia, wakataka kucheza nasi. Daktari wao, Mzungu aliyependa mpira, akatuombea ruhusa, na mwalimu hakuweza kumkatalia daktari. Tukapangiwa Jumamosi, kabla ya mechi ya wanaume. Siku hiyo timu ya Mbeya ilikuwa inakuja kucheza na ya Iringa.

Uwanja ulijaa watu waliokuja kutuzomea. Walituita majikedume, wakaturushia maganda ya miwa. Beki wa wauguzi, msichana wa Kihehe mwenye mabega mapana, alinisogelea kabla refa hajapiga filimbi.

"Ukipita kwangu nitakuvunja," alinong'ona.

Nilipita mara tatu, na mara zote tatu nikafunga. Baada ya goli la tatu makelele yalipungua. Nilipokwenda kufunga la nne, yule beki alilipiga goti langu kwa mguu wake wote. Nilisikia kitu kinakatika ndani. Wenzangu walinibeba hadi pembeni ya uwanja, wakanilaza kwenye nyasi, karibu na wachezaji wa Mbeya waliokuwa wakifunga viatu. Kaka yangu, aliyekuwa ameshachukuliwa na timu hiyo, alikuwa miongoni mwao.

"Huyu si dada yako?" mwenzake alimuuliza.

Kaka alinitazama usoni, halafu goti. "Simjui," akasema.

Nilikataa kupelekwa hospitali kabla mechi yao haijaisha. Kipindi cha pili kaka alibaki peke yake na goli, golikipa ameanguka, akaupaisha mpira juu kabisa ya goli. Watazamaji wakaangua kicheko. Mimi nikapiga makofi, peke yangu, mpaka akageuka akaniona.

Wodini aliyetumwa kunifunga bandeji alikuwa yule yule beki. Alivuta kitambaa kwa nguvu, nikamtukana.

"Ulikuwa unakwenda kufunga la nne," alisema. "Ulitaka nikuangalie?"

Hatukupatana, ila yeye peke yake hakuniuliza msichana anatafuta nini uwanjani.

Goti halikunyooka tena. Mpira wangu uliishia pale, kabla sijafikisha miaka kumi na minane, na shule ikanirudisha kwetu kabla sijamaliza hata gauni moja. Baba alisema Mungu amejibu. Mama alinikanda goti kwa maji ya moto kila asubuhi.

Mimi na kaka tulikaa bila kusemezana hadi siku ya harusi yangu. Alinifuata chumbani nikiwa navalishwa, akawaomba wanawake watupishe.

"Dada, nilikuwa mtoto," alisema.

"Mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe."

"Kwa hiyo hunisamehi?"

"Kule Iringa ulisema hunijui. Mtu usiyemjua anakusameheje?"

Alivaa kofia yake, akaondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Nikawaita wanawake warudi waendelee kunivalisha.