Chai ya Sajini Mbele ya Meja

Mama Vifungo alikuwa na mikono miwili mizima, na mshahara alilipwa kwa kutoitumia. Usicheke. Kazi yake inaitwa tiba kwa vitendo: mtu akipata kiharusi, au ajali, au akirudi kutoka vitani nusu nusu, yeye ndiye anamfundisha upya kuvaa shati, kuoga, kupika, kushika kijiko. Na mwiko wa kwanza wa kazi hiyo ni huu: usimfanyie mgonjwa kitu anachoweza kujifanyia. Basi yeye anasimama mikono nyuma kama mwalimu wa zamu, anamtazama mwanaume mzima akipigana na kifungo kimoja dakika kumi, jasho linamtiririka, na yeye kimya.

"Miaka mitatu chuoni unasomea kuweka mikono nyuma," mume wake alikuwa akimtania. Mume ni fundi cherehani, ndiye aliyemshonea yale mashati saba ya mazoezi, yenye vifungo vikubwa kama visahani mpaka vidogo kama punje za mtama. "Hata mimi ningefaulu."

"Wewe? Ungefukuzwa siku ya kwanza. Mdomo wako hauna kifungo."

Kituo chenyewe kilikuwa stoo ya zamani nyuma ya stendi ya mabasi: meza ndefu, jiko la mafuta ya taa, sinki linalovuja, na kitanda cha kujifunzia kutandika. Wateja wake ni wanajeshi wa zamani ambao walipewa nishani ya kuvaa, pa kulala hawakupewa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi wanaingia na mablanketi yananuka dizeli. Na midomo yao, Mungu wangu! Huruma waliiacha huko huko walikoacha viungo vyao. Asiye na miguu wanamwambia, "Simama foleni kama wenzako." Kipofu wanamuuliza, "Leo umenionaje?" Ndio waliompa mama wa watu jina la Vifungo, na akigeuka wanamwita Mkono-Nyuma.

Kipenzi chake alikuwa Sajini. Vidole vyote vya mkono wa kulia vilibaki vitani, na kichwani kwake kikabaki kipande cha chuma. Madaktari walikitazama kwenye picha wakasema kiacheni, kimeshazoea. Chuma hicho kilimletea wageni wawili, kifafa na usahaulifu. Anabandika sufuria, anakaa, anasahau kama duniani kuna moto. Mke wake alivumilia mpaka jiko lilipoungua mara ya pili, paa na kila kitu, akabeba watoto akaenda kwa kaka yake. Sajini akahamia barazani kwenye ghala la matairi. Huu mwaka wa nne. Lakini kila asubuhi analikunja boksi lake la kulalia kona nne sawasawa, utadhani mkuu wa kambi anapita.

Sasa, palikuwa na nyumba. Nyumba ya wanajeshi wa zamani, vyumba sita, na mwangalizi anayeishi hapo hapo: anazima majiko, anakumbusha dawa, mtu akianguka anamgeuza ubavu. Vyumba vitano vilishapata wenyewe. Kilibaki kimoja. Kamati ilikuwa inakuja kupima watu kwa alama, sifuri mpaka mia. Chini ya sitini, huwezi kuishi peke yako, na wa chini kuliko wote ndiye anapewa ufunguo. Sitini kwenda juu, hongera sana, kajitegemee.

Umeuona mtego? Mama Vifungo aliuona. Tatizo ni kwamba kamba ya mtego ule alishaisokota mwenyewe. Mama huyu alipenda sifa, tena sana. Kila wiki alipeleka ripoti kwa mkuu wake, na mkuu akazisoma kwenye mikutano, watu wakapiga makofi, kichwa kikavimba mpaka kilemba kikakataa kuingia. Ndipo akawa anaandika: "Sajini amepika chai bila msaada." Ukweli je? Ukweli ni kwamba kila ulipofika wakati wa kuzima moto, yeye, mikono nyuma, alisema, "Jiko, Sajini." Maneno mawili tu. Na kwenye kazi yao neno ni msaada kama mkono, hata mwanafunzi wa wiki ya pili analijua hilo. Ila "bila msaada" ilinoga zaidi.

Jumatano akamvuta Sajini mpaka kwenye sinki.

"Baba, nisikilize. Kamati ikija Ijumaa, usijikaze. Wafanyie kama siku zako mbaya."

"Siku mbaya niko chini natoka povu, Mama. Nilale sakafuni mbele za watu?"

"Sikuambii udanganye. Nakuambia usifiche. Ukisahau, sahau. Anayeshindwa ndiye anapata chumba."

"Nani watakuwepo?"

"Mimi, karani wa makazi, na Meja mmoja mstaafu."

Aliposikia Meja, mgongo wa Sajini ulinyooka wenyewe. Yale mengine yote yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Aliyeyasikia na kuyameza alikuwa mwingine. Koplo mmoja, walimwita Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa pale pale anaosha kikombe kimoja robo saa nzima. Mtu wa kawaida tu, mzima kuliko wengi, mikono inamtetemeka kidogo akiwa na njaa. Alikuwa analala baraza moja na Sajini, na Sajini akianguka, Redio ndiye anamgeuza ubavu na kumfuta mdomo.

Ijumaa Sajini alikuja amenyoa. Shati amelipiga pasi kwa kulilalia. Meja alikaa mbele, viatu vinang'aa, karani pembeni yake na fomu, Mama Vifungo nyuma yao.

"Anza, Sajini."

"Ndiyo, Afande!"

Bwana wee, alipika! Kiberiti akakibana kwapani, akawasha kwa mkono wa kushoto, njiti moja. Akaegemeza sufuria kwa kigutu, akapima maji, majani, sukari. Halafu akakaa kungoja, na macho yakaanza kumpotea. Mama Vifungo aliyajua macho yale. Maji yakaanza kupanda. Miaka yote amefundisha watu wafaulu, leo anaomba sufuria ifurike. Yafurike, Mungu wangu, yafurike tu, baba wa watu apate pa kulala.

Kwenye benchi, Redio akakohoa.

Kikohozi kikavu, kimoja. Sajini akashtuka, akazima moto, akamimina, hakuna tone lililoanguka, akampelekea Meja kwa hatua sita na kupiga saluti kwa kigutu. Kisha akavaa shati la vifungo vidogo kuliko yote, dakika moja na nusu.

"Tisini na mbili," karani akasema.

"Hapana!" Mama Vifungo akapiga hatua. "Huyu anasahau moto. Amekumbushwa, hamkusikia kile kikohozi? Huyu aliunguza nyumba."

"Kukohoa ni kosa?" Meja akauliza. "Sajini, uliunguza nyumba?"

Sajini alitazama mbele, ukutani. "Mimi, Afande? Sijawahi kuunguza hata ugali."

"Baba, sema ukweli!"

"Nimesema, Mama."

Karani akafungua faili, wala hakuwa na haraka. "Na hizi ni ripoti zako wewe mwenyewe, Mama. 'Amepika bila msaada.' Wiki hii tena, 'bila msaada.' Ziko kumi na nne. Ulikuwa unatudanganya wakati ule, au unatudanganya sasa?"

Mume ndiye aliyeambiwa mdomo wake hauna kifungo. Wa mkewe siku hiyo ulijifunga wenyewe. Akipinga, amekiri uongo mara kumi na nne, kazi hana. Akasaini.

Akafuata Redio. Njiti ya kwanza ikamponyoka. Ya pili ikamponyoka. Ya tisa akaiweka mdomoni. Sufuria ikaanguka, yeye akaanguka juu yake, akalia, tena machozi ya kweli, akamwita mama yake aliyekufa zamani. Alama kumi na moja. Watu walipiga makofi kwa huzuni. Meja akafuta macho.

Mlangoni Mama Vifungo akamdaka bega. "Mwanaharamu wewe."

"Mama, vitani anarudi anayesikiliza maelekezo," Redio akasema. Mkono ulikuwa umetulia tuli. "Wewe uliyatoa, mimi nikayafuata. Yeye je?"

Sajini walimpa cheti, na kwa kuwa amefanya vizuri kuliko wote wakampa na zawadi. Jiko. Jiko jipya la mafuta ya taa na sufuria yake. Mama Vifungo alimwambia aliache kituoni. Sajini akacheka.

"Kwa nini? Si unasema napika bila msaada?"

Akalibeba mpaka barazani kwenye ghala la matairi, akaliweka kando ya boksi lake. Upande wa pili sakafu ilikuwa tupu, Redio alishahamia chumba cha sita na blanketi lake. Wiki tatu Sajini alipika chai kila asubuhi. Kuna siku alisahau, ikakauka, sufuria ikawa nyeusi. Halafu ikaja asubuhi moja kifafa kikamkuta ameinama juu ya moto, na mtu wa kumgeuza ubavu yuko chumbani anakumbushwa dawa na mwangalizi. Mlinzi wa ghala alikimbia kuokoa matairi kwanza.

Mwezi wa pili baada ya kuungua, Sajini aliingia kituoni, Jumatatu, saa mbili kamili. Mkono wa kushoto ulikuwa mweupe na mwekundu, vidole vimeshikana kama ndizi changa. Wale wenzake, midomo yao ile ile:

"Karibu, bingwa wa mapishi! Chai iko wapi?"

"Sajini, piga makofi tukuone!"

Alicheka nao. Akaenda mpaka mezani, akalisukuma lile shati la vifungo vikubwa kwa kiwiko, la wanaoanza.

"Mama. Sasa nimeshindwa vya kutosha?"

Mama Vifungo alichukua fomu. Akampima kila kitu, pole pole, akaandika alichokiona, na safari hii hakuongeza hata nukta. Tatu kwa mia. Hajawahi kutokea mtu wa alama tatu. Akaenda nje akampigia karani, akasubiri, akasikiliza, akarudi.

"Wamesema vimejaa."

"Najua. Redio hunipungia mkono dirishani nikipita." Akalitazama shati. "Basi tuanze. Kifungo cha juu?"

Akajaribu kwa kigutu. Akajaribu kwa ule mkono ulioungua. Akajaribu kwa meno. Zikapita dakika kumi, watu wakaacha kutania, na yeye Mama Vifungo amesimama mikono nyuma, imekamatana mpaka kucha zinaingia nyamani. Kisha ikaachiana. Ikaja mbele. Akamfunga Sajini vifungo, cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka chini, mbele ya wagonjwa wote, jambo ambalo hajalifanya tangu aanze kazi.

Sajini akainamisha shingo akakagua, kama alivyozoea kukagua vijana wake kabla ya gwaride.

"Umeruka tundu la pili, Mama," akasema. "Andika ripoti ya kumi na tano: 'bila msaada.'"