Pipa la Mafuta ya Taa Kando ya Kaburi la Baba

Kwetu ni juu kabisa ya Embu, mahali majani chai yanapokutana na msitu, na mwezi wa Julai ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi. Mama alikuwa na pumu. Hospitalini walimkataza moshi wa kuni, tena kwa wepesi wa watu waliopikia umeme maisha yao yote. Umeme kwetu ulikuwa bado ahadi ya wagombea. Basi akawa anapika na kuota moto kwa stovu ya mafuta ya taa. Na kwa kuwa wakati wa mvua barabara hukatika hata malori ya majani chai hulala matopeni, nilimnunulia pipa zima, tukaliweka nyuma ya jikoni na kulifungia mfereji mdogo wa kukingia chupa. Ndilo jambo pekee la maana ambalo shahada yangu ya falsafa ilikuwa imeleta pale nyumbani.

Kisha baraza letu likapitisha sheria ndogo za afya. Yeyote anayeweka mafuta nyumbani kupita mtungi mmoja alipie ada ya ukaguzi kila mwaka. Pipa likae juu ya sakafu ya saruji yenye ukuta mfupi wa kuzuia mafuta yakimwagika, nalo liwe mbali na nyumba, mbali na maji, mbali na mpaka wa jirani. Umbali huo Bwana Afya, mkaguzi wa baraza, aliupima kwa kamba ya katani.

Ada haikutusumbua. Lililotusumbua ni umbo la shamba. Babu alipowagawia wanawe ardhi, alitaka kila mmoja apate barabara juu na kijito chini, kama wafanyavyo watu wote wa vilima hivi. Haki ilitendeka, na kila mtoto akaondoka na shamba refu na jembamba kama mkanda. Juu ya mkanda huwezi kuwa mbali na jirani. Mimi nilikuwa nimesafiri kutoka mjini na nakala ya sheria hizo, nimezipigia mistari, tayari kubishana.

"Sheria inasema makazi," nilimwambia Bwana Afya. "Jikoni si makazi. Hakuna anayelala jikoni."

"Paka wenu analala wapi, Prof?"

Sikuwa profesa. Aliniita hivyo kama mtu anavyomwita mbuzi wake mheshimiwa. Mama alicheka mpaka akakohoa, ikabidi tungoje.

Tulishuka na kamba. Kwenye migomba ilivuka mpaka na kuingia kwa baba mdogo. Kwenye majani chai ikavuka tena. Chini zaidi ilifika kijitoni. Palibaki mahali pamoja tu, ambapo mpaka unapinda na kutuachia kipande kipana. Ulipinda kwa sababu baba alipofariki, mdogo wake alitoa sehemu ya shamba lake ili siku moja Mama alazwe kando ya mumewe. Kwetu mke akizikwa peke yake, watu hunong'ona kwamba alifukuzwa. Kaburi la baba lilikuwa upande mmoja. Upande wa pili paliota nyasi, na sote tulijua ni pa nani.

Bwana Afya alivua kofia, akaanza kukunja kamba. "Hapa hapana," alisema.

"Pima," Mama alimwambia.

"Mama, hapo ni pako," nikasema.

"Ni pangu kesho. Leo nataka kupumua."

"Tunaweza kukupeleka Gachoka kwa dada. Huko kuna joto, hutahitaji kuota moto."

"Nikakae kwa mkwe, niwe naomba chai?" Akamgeukia mgeni. "Baba, sheria yako inasema nini juu ya makaburi?"

"Haisemi kitu, mama."

"Basi pima."

Kamba ilitosha pande zote. Bwana Afya aliitazama kama mtu aliyekuwa akiomba isitoshe. Mimi nilishika karatasi zangu. Neno kaburi halikuwemo.

Wiki hiyo mafundi walimwaga saruji. Kila asubuhi Mama alishuka na chupa, akamsalimu baba, akafungua mfereji. Aliniambia kwamba sasa wanaonana zaidi kuliko wakati baba alipokuwa hai na klabu za pombe ziko wazi. Miaka ilipita hivyo, sisi tukilipa ada, wakaguzi wakija kugonga ukuta kwa vidole na kusema mambo ni sawa. Wakati huo saruji ilikuwa ikipasuka, mfereji ukidondosha mafuta polepole, na hakuna aliyewaza kuhusu udongo wa chini, kwa kuwa sheria haikumtaka mtu auwaze.

Mama alifariki mwezi wa Julai, kwa kifua kilekile. Vijana wa ukoo waliondoa pipa, wakavunja saruji kwa nyundo, wakaanza kuchimba. Harufu ilipanda. Walizidi kuchimba wakidhani itaisha, lakini udongo ulitoka mweusi, umelowa, na mmoja wao akasema kwa sauti ya chini kwamba hapa mtu asiwashe hata kiberiti. Mchungaji alirudi nyuma. Baba mdogo, mzee sasa, alisimama ukingoni mwa ardhi aliyoitoa mwenyewe.

"Siwezi kumlaza shemeji yangu ndani ya haya," alisema.

"Tukisogeza mpaka tena?" nilimuuliza.

"Tusogeze wapi? Watoto wangu wamejenga."

Ilikuwa kweli. Ukuta wa nyumba ya mwanawe ulikuwa karibu kiasi cha kuguswa.

Tulimzika juu kando ya barabara, mahali malori ya majani chai yanapomrushia matope. Nimefundisha mantiki nusu ya maisha yangu, na katika jambo hili siwezi kuonyesha hatua moja iliyokosewa. Kila mtu alifuata alichopaswa kufuata. Nikienda nyumbani naanzia kwake, naondoa matope, halafu natembea urefu wote wa shamba mpaka kwa baba. Kando yake bado hapaoti kitu. Najaribu kusali, na harufu ya mafuta hunifukuza kabla sijafika kwenye amina.