Mashine ya Madam Haikuwa ya Kabati

Uvumilivu wangu uliisha Jumatatu, saa ya chai, ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu hapa Malili. Sikupiga kelele. Nilichukua kiondo changu cha vitunguu nikakiweka juu ya meza yake, juu ya makaratasi yake, nikavuta kiti ambacho hakuna aliyenikaribisha, nikakaa. Wewe unanijua, rafiki yangu. Nikinyamaza hivyo, ujue mambo yameharibika.

Deputi, naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono amefunga. Ni yeye aliyeanza.

"Mama Mwende, msichana wako amefuta mashine. Wageni wamefika Ijumaa, tumewasha, haina kitu. Imekaa tu hivyo kama ng'ombe imekufa."

"Ilikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Ilikuwa na taa zake. Zinawaka, zinazima. Kila mgeni huona. Sasa ulete fundi airudishe vile ilikuwa. Mpaka hiyo siku, Mwende akae nyumbani."

Akae nyumbani, na wiki ijayo ndiyo ya kuonyesha kazi za mikono mbele ya watahini. Asiyekuwepo hapati alama. Mwende amengoja hiyo wiki tangu mwaka uanze. Nikageuka nikaangalia kabati la vioo nyuma ya mwalimu mkuu. Kulikuwa na vikombe vya mpira, maua ya plastiki, na katikati, juu ya kitambaa cha kushona kwa mkono, sanduku la mbao limefunguliwa mfuniko, na mti mdogo wa balbu tatu kando yake. Kwenye kitufe kimoja cha pembeni kulikuwa na doa la rangi ya kucha, jekundu, limepasukapasuka.

Hilo doa ninalijua. Nililiona likipakwa.

Nilikuwa mdogo kuliko Mwende alivyo sasa, na tulikuwa Mutomo. Nililelewa na nyanya yangu, susu tunavyosema kwetu, kwa sababu mama alikuwa ameandikwa kazi mbali. Susu alikuwa mpishi wa polytechnic ya kijiji, chuo cha ufundi. Nikitoka shule sikuenda nyumbani, nilienda jikoni kwake. Kazi yangu ilikuwa kuchagua maharagwe, kuchochea moto, na kufukuza mbuzi wasile mahindi yaliyolowekwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya muthokoi inatokota, yale mahindi yaliyotwangwa ganda likatoka, nasikia pia harufu ya vumbi la mbao na ya risasi inayoyeyushwa kuunganisha nyaya. Upande mmoja wa jikoni walikuwa maseremala. Upande mwingine, kwenye chumba cha mabati chenye dirisha moja, alikuwa mwalimu tuliyemwita madam, na mashine yake.

Madam alikuwa mtu wa huku Makueni. Alivaa viatu vya raba na sweta hata jua likichoma. Alikosomea walikuwa wameletewa mashine mpya na hizi za kwanza wanazitupa, yeye akaomba moja akaja nayo Mutomo. Usifikirie kompyuta unayoijua. Hii haikuwa na skrini wala mahali pa kuficha kitu. Ilikuwa ubao wa kijani umefungwa kwa skrubu ndani ya sanduku, kama sanduku la mhubiri. Katikati kulikuwa na kidude cheusi chenye miguu mingi kama jongoo. Madam alisema huyo ndiye anayefikiri, lakini hajui chochote mpaka aambiwe. Chini vitufe, sifuri mpaka tisa, halafu A mpaka F. Juu, namba nyekundu zinazowaka. Kila amri ilikuwa namba. Chukua hii. Peleka pale. Ngoja. Rudi mwanzo.

Wanafunzi wakubwa waliogopa kuigusa. Walikunja vidole kama mtu anayeonja uji wa moto. Madam aliwaambia neno moja kila siku, mpaka na sisi wa jikoni tukalishika: "Kitu cha kufundishia kikibaki kisafi, hakijafundisha mtu." Na kweli haikubaki safi. Kitufe cha kuanzisha kilibonyezwa mpaka maandishi yakaisha kabisa, ndipo msichana mmoja wa darasa la ushonaji akatoa chupa yake ya rangi ya kucha, na madam akapaka doa ili asiyekijua akione. Mimi nilishika kifuniko cha chupa.

Sasa sikiliza shida ya ile mashine, maana hapa ndipo moyo wangu unapowaka. Ilikuwa inasahau. Ukizima, ukiwasha, imekuwa mtoto mchanga. Kila ulichoandika kimekwenda. Na stima ya Mutomo wakati ule ilikuwa jenereta moja, ya maseremala na madam pamoja. Seremala akiwasha msumeno, jenereta inakohoa, taa zinafifia, na mle ndani mashine inasahau kila kitu. Darasa zima linapiga mayowe dirishani. Maseremala wanacheka.

Madam hakuenda kulia kwa mkubwa wa chuo. Alifanya kitu ambacho nadhani kingefanyika kwetu tu. Alitengeneza mwethya. Mwethya ni kikundi cha kazi. Leo mnachimba matuta ya shamba langu, kesho la jirani, kila mtu na kipande chake, mmoja anaimba na wengine wanaitikia. Basi madam alikata ile kazi ya namba vipande vipande, kila mwanafunzi akapewa chake akiweke kichwani. Mwenye kipande anasimama, anaita, "Tatu, E!" Darasa linaitikia, "Tatu, E!" na anayebonyeza anabonyeza. "Sifuri, sita!" "Sifuri, sita!" Akimaliza anakaa, anasimama wa pili. Ukikosa mahali pako, kazi yote imeanguka, na wenzako watakuangalia mpaka utamani ardhi ikumeze. Mimi nikichagua maharagwe nilikuwa naitikia nao. Nilijua vipande vyote, kama mtu anavyojua nyimbo za kanisani bila kujua nani alimfundisha.

Na msumeno je? Hapo ndipo susu alipoingia. Madam alimwomba asimame kwenye mlango wa maseremala mpaka darasa limalize. Susu alikwenda na mwiko wake, ule mkubwa wa kugeuza chakula cha chuo kizima, bado unatoa mvuke.

Nakumbuka siku ya taa. Maseremala wenyewe walikuwa wamechonga mti mdogo wenye balbu tatu, nyekundu, manjano na kijani, taa za barabarani, na Mutomo hapakuwa na taa kama hizo wala gari la kusimamishwa nazo. Susu alikuwa ameuliza, "Na mbuzi zitasoma hizi taa?" Watu wakacheka mpaka madam akacheka. Lakini siku yenyewe hakuna aliyecheka. Mara mbili walikuwa wamekaribia mwisho na mara mbili msumeno umewamaliza. Mafuta ya jenereta yalikuwa chini. Nilisimama mlangoni mwa jikoni, mahali pa kuona pande zote.

"Susu, ondoka hapo, mbao yangu inangoja," seremala mkubwa akasema.

"Imengoja ikiwa mti miaka yote hiyo. Itashindwa na leo?"

"Nina mteja."

"Na mimi nina mwiko."

Ndani sauti zilikuwa zinaitana, haraka, zinakauka. Jenereta ilikohoa mara moja. Namba nyekundu zilififia, halafu zikarudi. Kipande cha mwisho kikaitwa. Ikabaki kitufe chenye doa. Madam akatazama darasa, kisha akatazama mlangoni, akaniita mimi. Mikono yangu ilikuwa na maji ya maharagwe. Nikataka kuipangusa kwa rinda.

"Bonyeza tu," akasema.

Nikabonyeza. Nyekundu ikawaka. Ikakaa. Ikaja manjano, ikaja kijani, ikarudi nyekundu. Ule mti wa maseremala ulikuwa unafuata maneno yetu. Maseremala wakaacha mbao zao wakajaa dirishani, yule mkubwa akaingia mpaka ndani na vumbi lake kichwani, anasema, "Huu si ndio mti wangu?" Susu alikuja wa mwisho. Aliangalia kwa muda, akasema zimejaribu, akarudi kwa sufuria yake. Msumeno ukawashwa, taa zikafa, na hakuna aliyehuzunika. Kesho yake tuliita tena kutoka mwanzo.

Hicho ndicho nilichomsimulia Mwende tukikata vitunguu majani kwenye kibanda changu cha sokoni. Nilimfundisha vipande vyote nilivyobaki navyo. Pale nilipopotea, mwalimu wake wa kompyuta, kijana mpole, alimjazia. Kumbe madam alipostaafu alirudi kwao huku, akaacha mashine na mti wake wa taa kwa shule hii, akisema ni ya watoto. Watoto hawakuiona. Wao walichorewa vitufe kwenye karatasi ya katoni, wanabonyeza katoni, na mashine yenyewe iko kwa vikombe. Wageni wakitarajiwa, mwalimu wa kompyuta alikuwa anajidamka kuingiza namba peke yake, ili mwalimu mkuu awashe mbele yao.

Ijumaa ile, mwalimu wa kompyuta mwenyewe alitoa ufunguo wa kabati, akapeleka mashine darasani. Alisema wageni wakute kazi ya watoto safari hii. Mwende na wenzake wakaita, wakaitikia, wakabonyeza, taa zikawaka. Deputi akasikia kelele, akaingia. "Nani amewaambia mguse?" Kabla ya jibu amechomoa waya kwenye soketi, amebeba sanduku na mti wake mpaka ofisini, na gari la wageni liko getini. Wakawasha. Hakuna kitu. Wakatafuta mkosaji, wakapata Mwende, mwenye doa la wino wa vile vitufe vya katoni kidoleni.

Hayo yote niliyasema Jumatatu nikiwa nimekaa pale. Mwalimu wa kompyuta aliitwa. Nikamuuliza kwa heshima, "Mwalimu, hii mashine ikichomolewa waya, hubaki na nini ndani?"

Akamtazama mwalimu mkuu kwanza.

"Sema, mwalimu. Wewe unajua."

"Mama... tutaongea baadaye."

Anajua. Ni mwalimu wa mkataba, na mwenye kalamu ya mkataba alikuwa mbele yake. Nilimwonea huruma kidogo, lakini huruma hiyo haikuwa kubwa kuliko mtoto wangu.

"Mama, hatubishani hapa," mwalimu mkuu akasema. "Kama una malalamiko, andika."

"Nitaandika," nikasema. Nikabeba kiondo changu.

Sijui kama wewe ulishafika Mutomo siku hizi. Mwaka jana nilikwenda kwa mazishi ya jirani, nikapita polytechnic. Chumba cha madam kimewekwa viti vya kukodisha. Stima iko, haikohoi tena. Jiko la susu limebomolewa, limebaki lile jiwe jeusi la figa, na mbuzi amelala juu yake. Susu tulimzika. Madam naye amelala kwao, ng'ambo ya barabara kuu, karibu kiasi kwamba kengele ya shule hii inafika kaburini kwake. Mashine ndiyo imebaki nzima, na imebaki safi. Nilizoea kufikiri kwamba kitu kikihifadhiwa kimepona. Sasa naona watu wanaweza kuhifadhi sanduku na kuzika kazi yake. Kile kilichopotea ni ile sauti ya chumba kizima, watu hawajui Kiingereza vizuri, wanaita namba na kuitikia, na hakuna anayemwambia mwenzake ondoa mkono.

Niliandika barua nikiwa kibandani, wateja wakingoja. Sikusaidiwa na mtu. Jana nimeipeleka ofisi ya elimu mwenyewe, nikasimama mpaka ikagongwa muhuri. Hii hapa.

*

Kwa Afisa wa Elimu,

KUH: BINTI YANGU KUFUKUZWA SHULE KWA SABABU YA MASHINE AMBAYO HAIJAHARIBIKA

Mimi ni mzazi na mchuuzi wa vitunguu, soko la Malili. Binti yangu amefukuzwa mpaka nilete fundi wa kurudisha kitu kilichokuwa ndani ya mashine ya kufundishia. Hakuna fundi anayeweza kukirudisha. Mashine hiyo husahau kila ikikatwa stima. Ilikuwa hivyo nikiwa mtoto, ilipokuwa Mutomo, na ndivyo ilivyotengenezwa.

Binti yangu hakuiba ufunguo. Alipewa na mwalimu. Waya ulichomolewa na deputi, sio mtoto. Simlaumu kwa kutojua. Ninamlaumu kwa kutouliza.

Ninaomba mambo matatu. Mwende arudi darasani kesho, kabla ya wiki ya watahini. Mwalimu wa kompyuta aulizwe kwa maandishi, na asipoteze kazi kwa kusema kweli. Mashine itolewe kwenye kabati iwe ya watoto, kama mwenyewe alivyosema alipoiacha.

Kama kuna shaka, iwashwe mbele yako. Watoto wataingiza namba zote wakiwa wamesimama, bila karatasi, na utaona taa. Haitachukua muda. Inahitajika tu mtu mmoja wa kusimama kwenye soketi ili mtu asichomoe waya.

Huyo nitakuwa mimi. Nitakuja na mwiko.

Wako mwaminifu,
Mama Mwende