Chupa Nne za Samli

Chupa za mama mkwe wangu hazikuvunjika. Nilishikilia kwa mwaka mmoja na nusu kwamba zilivunjika, zote nne, kila moja kwa ajali yake, na ukweli ni kwamba hakuna hata moja iliyopata ufa. Nilizipaka maua.

Wanaonijua hawatashangaa. Mimi ni mtu wa kushikwa na mambo. Niliwahi kushikwa na yoga, katika nyumba yetu ya mtaani Mbotela ambayo ukinyoosha miguu sebuleni vidole vinaingia jikoni. Safari hii nilishikwa na chupa ndogo za kioo, zile za jemu na siagi ya njugu ambazo watu hutupa. Unailoweka chupa kwenye maji moto na sabuni ya unga hadi karatasi ibanduke, unasugua gundi iliyobaki kwa mafuta ya kupikia, unapangusa kwa spiriti ili rangi ishike, kisha unachora. Nilikuwa na vikopo vitatu vya rangi kutoka duka la vifaa vya ujenzi, brashi moja nyembamba, na vijiti vya meno kwa ajili ya nukta. Nukta ndizo zilizoniteka. Mtu mwenye shahada mbili anaweza kukaa asubuhi nzima akipanga nukta nyeupe kuzunguka shingo ya chupa, kisha akainuka akijiona ameokoa dunia.

Shida ilikuwa kupata chupa. Tulikula jemu kwa bidii. Mume wangu alipakiwa jemu kwenye chapati, akapakiwa kwenye viazi vitamu, hadi siku moja akauliza kama haya ni mashindano na yanaisha lini. Kununua chupa mpya hakukuwezekana, maana fahari yote ya kazi hii ni kutumia kilichotupwa. Nilikuwa nimeandika makala ndefu kuhusu jambo hilo.

Ndipo samli ikafika. Mama mkwe hututumia samli kutoka Magharibi kwa basi, ndani ya chupa fupi, nene, yenye mabega, na kifuniko kinachobana kama kimekasirika. Sharti lake ni moja: samli kaeni nayo, chupa irudi, kwa sababu hapati nyingine kama hizo. Niliizunguka ile chupa siku mbili. Siku ya tatu nilihamishia samli kwenye kopo la plastiki, nikachora maua ya zambarau, na Mama alipopiga simu kuuliza chupa iko wapi, nikamwambia pole, iliniponyoka.

Ya pili iligongwa na mlango. Ya tatu iliangukia sinki. Ya nne hata sikumbuki niliiua vipi.

Mume wangu alijua yote. "Kesi kama hii," aliniambia, "pale mahakama ya Makadara wanaimaliza kabla ya chai ya saa nne." Nilimkumbusha kwamba mtu halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mkewe.

Nilitarajia Mama akasirike. Ingekuwa nafuu. Badala yake aliuliza kwa sauti ya chini kama vidole vyangu hufa ganzi asubuhi. Alikuwa amekaa akafikiri: mtu mzima hawezi kuponyokwa na chupa nne hivi hivi, kwa hivyo lazima ni ugonjwa. Haikumjia kabisa kwamba ningeweza kumdanganya. Hilo ndilo lililoniuma, na hilohilo ndilo lililonifunga mdomo. Chupa ningeweza kumrudishia. Hiyo imani yake, nikishaivunja, ningeirudisha kwa basi gani?

Akapeleka jina langu kwa kikundi cha akina mama cha kanisa lake. Mikono yangu ikawa inaombewa kila Alhamisi. Wiki ya kwanza ya maombi nilimaliza kuipamba ile chupa ya nne, maua kumi na mawili, kila ua na nukta zake katikati, bila kutoka nje ya mstari hata mara moja.

Kisha akamtuma shangazi wa mume wangu, anayeuza mboga Kayole, aje aone kwa macho.

Shangazi alifika Jumamosi bila kupiga simu, na chupa zote nne zilikuwa zimepangwa dirishani.

"Nimetumwa mikono," alisema akiketi. "Hebu nimiminie chai."

Nikajikuta na birika hewani na uamuzi wa kufanya. Nikimimina vizuri, mimi ni mwongo. Nikitetemeka, ni mwongo zaidi. Nilitetemeka. Nilitetemeka kupita kiasi, nikammwagia chai kiatuni.

Alipangusa kiatu polepole huku akitazama dirishani, akauliza ni nani hapa nyumbani anayechora. Nikasema ni mume wangu, ambaye ndio kwanza alikuwa anaingia kutoka dukani na maziwa.

"Tangu lini?" Shangazi akamuuliza.

Mume wangu akanitazama, akatazama chupa. "Tangu niingie, Shangazi."

Shangazi akainuka, akachukua chupa moja. Hakuangalia maua. Aliipindua. Kila mwanamke aliyewahi kupeleka sufuria yake kwenye matanga huangalia chini kwanza, maana huko ndiko alama ya mwenyewe hukaa. Na huko chini, mahali ambapo mimi msanii sikuwahi kufikiria kutazama, kulikuwa na vidoa viwili vya rangi nyekundu ya kucha. Shangazi alivigusa kwa kidole. Aliomba aende na hiyo moja, akaitia kikapuni, akanishauri nisiguse birika tena siku hiyo.

Simu ilikuja Jumatano. Mama alianza na mvua, akaja kwa ng'ombe, akapitia kwa majirani wote wa upande wa juu.

"Na mikono?"

"Inaendelea vizuri, Mama."

"Naona. Nimeiweka hapa mezani. Ina maua."

"Niliogopa kuomba, Mama."

"Kuomba chupa?" Akaliacha swali hapo muda mrefu, na huo muda ndio adhabu yote niliyopata. Kisha akaendelea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupanga. Akina mama wamefunga siku tatu kwa ajili yangu, mmoja wao akiwa na vidonda vya tumbo. Yeye hawezi kusimama mbele yao akawaambia walishinda njaa kwa sababu ya maua. "Kwa hivyo umepona," akasema. "Jumapili ya mwisho wa mwezi unakuja kutoa ushuhuda."

Nikamuuliza nitasema nini.

"Utasema asante. Na ubebe hizo chupa, waone mikono ilivyotulia. Lakini uwe mfupi, mwanangu. Kuna wawili watakaoshuhudia baada yako, na hao walikuwa wagonjwa kweli."