Mzee wa Vali

Mzee wa vali kwenye mtambo wa maji, nje kidogo ya mji wa Kakamega, ana vidole vilivyopauka kwa shabu ya kusafishia maji, na kabla ya kumsalimia mtu huvipangusa kwanza kwenye suruali. Miaka yote, kila alipotaka kufungulia maji machafu yaliyoosha machujio yateremke kijitoni, alipiga mluzi ili kina mama wa bondeni wainue ndoo zao waje kuteka. Wakati wa kiangazi hakuna maji mengine yaliyopita pale. Rosebella, mmoja wa kina mama hao, alimwagilia sukuma wiki kwa tope hilo, akaiuza sokoni Khayega, watoto wakala.

Sasa maji hayo hutuama kwenye bwawa la mtambo, kisha pampu huyarudisha ndani yasafishwe tena. Bomba la kijitoni limechomelewa likazibwa, lakini mzee bado huipaka vali grisi kila asubuhi. Jana alishuka hadi shambani kwa Rosebella, kofia mkononi.

"Hata uchafu wenu mmetunyima, baba?" Rosebella akamuuliza.

"Wakubwa wanasema ulikuwa unaua samaki, mama."

"Samaki gani sasa? Kwani unaona maji kijitoni?"

Mzee aligusa majani ya sukuma yaliyolegea, akazamisha kidole udongoni, kikatoka kikavu.

"Ng'oa mboga zilizobaki, mama, upike leo," akasema kwa sauti ya chini, kisha akainama, akaanza kuzing'oa yeye mwenyewe.